Siku Nilifasiria Chipukizi Mbele ya Bakwe

Mama alikuwa anagombeza maharagi. Kule kwetu, mu milima ya Lubero, baridi ni mingi na maharagi inachelewa kuiva. Unapanga nyungu ku moto asubuhi, jua linafika juu ya kichwa, punje zingali ngumu kama vijiwe. Mama anafunua, anaweka mikono kwa kiuno: "Nyinyi munajiona bakubwa, eh? Munangojea nipige magoti?" Kisha anasukuma kuni. Nyungu ile ilikuwa na mudomo uliovunjika, baba njo aliivunja siku alijikwaa juu ya mbuzi, mais lakini ile si habari ya leo. Miye nilisadiki kabisa kwamba maharagi inasikia. Siku moja nikachukua punje, nikaitafuta sikio. Iko na kajicho, pale kwenye inashikamana na ganda. Nikasema, basi njo hapo.

Mama sikumuuliza. Nilisoma miaka tatu tu, kisha nikashika jembe, na ile swali ikalala ndani yangu mpaka nikazeeka, mpaka nikahamia Beni, upande wa Beu, mpaka mujukuu wangu mwanamuke akaanza kujitayarisha kwa examen yake ya mwisho.

Alikuwa anasoma kwa sauti mu kiwanja, anaenda, anarudi, cahier mukononi. Miye niko nageuza kakao yenye kukauka juu ya bâche, ile turubai.

"Personnification," akasema. "Kukipa kitu tabia ya mutu."

Nikasimamisha mukono. "Rudilia."

Akarudilia.

"Donc, mutu akigombeza maharagi?"

"Njo ile, koko."

"Ile kitu iko na jina?"

"Iko na jina, na batatuuliza mu examen. Songea kidogo, uko unanivuruga."

Sikusonga. Nilikaa pale pembeni ya bâche, kakao ikachomwa na jua upande moja. Akanifundisha comparaison: unaweka neno "kama" katikati ya bitu mbili, maharagi kama vijiwe. Ukiondoa ile "kama", ukasema tu jirani yetu ni redio, inakuwa métaphore. Nikamwambia apumzike kidogo, maana nimekufa na njaa.

"Hyperbole," akasema. "Kutia chumvi. Koko umekufa mara ngapi tangu asubuhi?"

Nilikuwa kama mutu mwenye kuambiwa kwamba majani yote ya shamba yake, yenye amepalilia maisha muzima, iko na majina mu kitabu. Nikaanza kuita kila kitu jina lake. Ku soko, mama mumoja muuza tomate akaniita: "Papa, hizi tomate zinakulilia!" Nikamwambia: "Personnification." Akaniuliza kama nataka kununua ao niko mugonjwa.

Mais kulikuwa kitu kimoja kilinisumbua. Nikamuuliza mujukuu: "Kwa nini batu hawasemi tu moja kwa moja?"

Akatazama mu cahier. "Banasema ni kwa kupamba maneno."

Kupamba! Mama alikuwa anapambia nani, na jasho ile, na moshi ile?

Sasa, mutoto wa ndugu yangu marehemu alikuwa anapenda binti wa Butembo, wa mutaa wa Vulamba. Miaka ine anamupenda. Baba ya binti alikuwa mugumu, alikataa kutupokea mara mbili, mwisho akakubali, na akatuma neno: mara hii moja tu. Kwa sababu ndugu yangu hayuko, miye njo baba, na miye njo musemaji.

Kwetu, siku ya kuomba, hakuna mwenye kutaja binti. Kila upande unaweka musemaji wake, na basemaji banazunguka. Hata binti akipita mbele yenu na sinia ya chai, munafanya kama mulikuya kwa ajili ya kitu kingine. Kazi ile nimeifanya tangu ndevu zangu zingali nyeusi, bila kujua kama iko na jina.

Tukakaa mu salon yao, binti anapita na sinia ya chai. Nikasimama.

"Bazee, bamama, tulikuwa tunapita. Tukaona mu shamba yenu chipukizi ya ndizi, imenyooka, majani yake haina kidonda. Shamba yetu kule Beni iko na nafasi. Tukasema tubishe hodi, pengine mutatugawia."

Bamama bakapiga vigelegele kidogo. Musemaji wao, muzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, akajibu: "Tunasikia. Mais ile chipukizi, mama yake anaipenda. Mulikuya na jembe iliyonolewa, ao mutatukatia mizizi?"

Batu bakacheka. Ilikuwa nzuri! Jibu nilikuwa nayo ku mudomo: jembe yetu imenolewa. Mais ulimi ukaniwasha.

"Eh! Mumesikia?" nikasema. "Ile njo métaphore yenyewe! Nilianza nayo, naye akaiongeza. Chipukizi ni binti yenu, huyu hapa na sinia. Jembe ni..."

Nikageukia kijana wetu, nikaona uso wake.

Binti akaweka sinia chini, akatoka. Mama yake akajifunika na kitenge. Baba akauliza polepole, bila kunitazama: "Nani amesema nini?" Miye, mujinga, nikafungua kinywa nirudilie. Mutoto wa dada yangu, aliyekaa pembeni yangu, akanivuta koti. "Ikala, papa. Kaa chini."

Hakuna mutu aliyekunywa. Kijana wetu alikuwa anatazama viatu vyake kama mutu mwenye kuzikwa navyo.

Kisha muzee wa kofia ya sufu akafuta macho. "Humu ndani kuna moshi," akasema. "Ile moshi ikitoka, pengine tutaonana tena vizuri."

Nawaambia ukweli: niliitafuta. Niliangalia juu, niliangalia mulango. Jiko lao liko kule nyuma, mbali, na halikuwa na moto. Kisha nikaacha kutafuta.

Hakuweka "kama". Hakufasiria. Angeweza kusema: toka, muzee mupumbavu. Basi kijana wetu angelazimishwa kunitetea ao kunikana mbele ya bakwe, na baba ya binti angekuwa mutu mwenye kufukuza bageni. Kwa moshi, batu bote bangeweza kubaki mu viti vyao, isipokuwa mumoja. Na mama yangu je? Tulikuwa batoto saba tunamutazama, tunalia njaa, na hakutaka kutugombeza siye. Akagombeza maharagi.

Nikachukua kofia yangu.

"Kweli, kuna moshi," nikasema. "Acha niipeleke inje."

Hakuna aliyecheka, mais muzee wa kofia ya sufu akakunja miguu yake nipite. Nikiwa ku mulango nikasikia mutoto wa dada yangu anasimama mu nafasi yangu: "Bazee, jembe yetu imenolewa." Vigelegele vikarudi.

Mu kiwanja, binti alikuwa amesimama ku ukuta. Nikamupita na kichwa chini, nikatelemuka mpaka barabara, nikasimamisha pikipiki ya kunifikisha ku magari ya Beni. Balioana. Batoto yao banakuya kunisalimia hapa Beu. Miye kule Vulamba sijarudi.