Dubu Aliyejifungia Kilburn

Jumamosi zangu nyingi za miaka hii nimezimalizia nyuma ya duka la mzee mmoja wa Kihindi, huku ughaibuni, Kilburn, nikichapwa. Nasema kuchapwa kwa maana ya mchezo: sataranji ya Wajapani, ambayo wenyewe wanaiita shogi. Wanangu nikiwaambia ninakokwenda, huzungusha macho. "Mum, why can't you just sleep like normal people?" huniuliza yule mkubwa. Kiswahili anakielewa chote, hata ninapomsema kwa dada yangu kwenye simu, ila kujibu kwacho ndiko hataki. Na swali lake ni la haki. Kazi yangu ni kuhudumia wazee wodini, kuwageuza, kuwaogesha, kuwalisha, na Ijumaa ikiisha miguu yangu inakuwa si yangu tena. Ningelala. Lakini nikilala naamka nimechoka vilevile, wakati kule dukani, kwa saa mbili tatu, hakuna mtu anayetaka nimwinue.

Mzee mwenyewe alizaliwa Moshi. Tulijuana kwa ugomvi wa bamia. Nilisimama mbele ya boksi lake nikimlalamikia dada yangu kwenye simu kwamba huku tunauziwa bamia zilizokomaa kama kuni, na sauti ikatoka nyuma ya kaunta: "Basi usinunue, mama. Nani amekulazimisha?" Kiswahili safi, cha kwetu, chenye kiburi chote cha mwenye duka. Nilizinunua kwa aibu. Niliporudi wiki iliyofuata alinipa chai ya maziwa yenye tangawizi, na baada ya muda akaniwekea ubao.

Mchezo alifundishwa zamani na mwanafunzi wa Kijapani aliyepanga chumba cha juu ya duka, na aliyemwachia ubao wake alipoondoka. Kete za shogi ni vibao vidogo vyenye ncha, rangi moja pande zote. Ncha ikinielekea mimi, najua huyo ni adui. Na kete iliyoliwa haifi. Aliyeila anaiweka kando, na akitaka anaidondosha ubaoni impiganie yeye.

"Kama bao," nilimwambia siku ya kwanza. "Na sisi kete tukizila tunazipanda kwetu."

"Bao, bao! Hapa kuna mfalme. Bao lako lina mfalme?"

Alijifanya kuudhika, lakini nilimwona amefurahi kusikia neno lile likitamkwa dukani kwake.

Alicheza kama mtu anayekimbilia treni. Mfalme wake alimwacha kifua wazi katikati, na kila alichokuwa nacho kikaja kunivamia mimi. Aliyekuwa akijificha ni mimi. Wajapani wana namna moja ya kujihami wanayoiita dubu aliye shimoni. Unausogeza mkuki, kete ya ukingoni, hatua moja mbele, mfalme anaingia pale ulipotoka mkuki, kwenye kona kabisa, kisha unamzibia kwa kete ya fedha na kumzungushia dhahabu zako mbili. Basi, hagusiki. Ubaya wake ni kwamba ujenzi wenyewe unakula muda, na siku ukuta ukivunjika mfalme hana pa kukimbilia, anafia mle mle. Mimi niliupenda hivyo hivyo. Mtu akishachoka anachotaka ni mlango ufungwe. Mzee alinicheka kila Jumamosi.

"Umejificha tena, mama? Umekuja kucheza au umekuja kulala?"

Ndiyo maana nilikasirika alipoanza kujifukia yeye.

Ilikuwa majira ya baridi yaliyopita. Ghafla tu, yule yule aliyenizomea, akaanza kumpeleka mfalme kwenye kona yake ya kushoto, taratibu, mkuki, mfalme, fedha, dhahabu. Jumamosi ya kwanza nilidhani ananikejeli. Zikapita kadhaa, bado anachimba shimo lile lile. Michezo ikawa mirefu, ya kuchosha, kama kumbembeleza mgonjwa asiyetaka kumeza dawa. Na kabla ya kusogeza chochote alikuwa anapeleka kwanza mkono kule kwenye kona na kuzipapasa kete moja moja, kama mtu anayehesabu vifaranga jioni. Niliona ni maringo.

"Mzee, mimi leo sina nguvu za kubomoa nyumba ya mtu."

"Basi usibomoe. Kaa nje, unyeshewe."

Nikanuna. Nilikuwa nimetoka shifti asubuhi hiyo hiyo, nikakosa basi moja na la pili likajaa, na sasa nimekalia kreti la soda nikitazamana na ukuta. Kwa hasira nikaamua kupita ukingoni, huko huko kwenye kona yake ya kushoto, nikimsogeza askari mdogo hatua kwa hatua. Ni mbinu ya kitoto. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba askari wa ukingoni akisogea hivyo unamjibu mara moja, ukichelewa umekwisha. Hakumjibu. Nikamsogeza tena. Bado anashughulika na upande wa kulia, anapiga miluzi, anafurahia mashambulizi yake. Askari wangu alipougusa mkuki wake ndipo mkono wake ulipokwenda kupapasa, ukakutana na kete asiyoitegemea, ukasimama.

"Hii umeiweka lini?"

"Sijaiweka, Mzee. Imekuja kwa miguu, mbele yako."

Hakucheka. Na mimi nikaacha kununa, kwa sababu kazi yangu ni kuangalia wazee, na nilikuwa nimeacha kumwangalia huyu. Nikakumbuka bega lake la kushoto linavyogonga mlango wa friji la vinywaji kila akipita. Nikakumbuka kwamba siku hizi kikombe chake anakiweka kulia, kila siku kulia. Niliinua mkono wangu taratibu, upande wa kushoto wa uso wake, nikaupunga. Alikuwa anautazama ubao. Niliupunga tena karibu zaidi, na hata kope hakupepesa.

"Macho," nikasema. "Tangu lini?"

Alijaribu kunifokea kidogo, kisha akaacha. Presha ya macho. Aliambiwa siku nyingi, akapewa dawa ya matone, akaitumia alipokumbuka. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, na la kulia lilikuwa linaanza kuliwa kingoni. Ndipo nilipoelewa shimo lake. Upande asiouona alikuwa ameujaza kete zisizosogea, akazikariri kwa vidole, ili lile jicho lililobaki litazame upande mmoja tu wa vita. Ile haikuwa kejeli. Ilikuwa akili, na nilitamani kumpongeza na kumpiga kofi kwa wakati mmoja, maana kitu kimoja kilikuwa kimenijia kichwani kikanitia baridi.

"Na van? Nani anaendesha van kwenda sokoni?"

Alikuwa anaendesha mwenyewe, alfajiri, kwenda kuchukua mboga soko la jumla.

"Barabara naijua," akasema. "Miaka yote hiyo, mama. Ile van inakwenda yenyewe."

"Mtoto akitokea kushoto, huyo naye unamjua?"

Hapo ndipo aliponiomba. Sikuwahi kumsikia akiomba kitu. Aliniomba nisimwambie binti yake, anayekaa Leicester, ambaye kwa muda mrefu anataka duka lifungwe na baba akakae kwake. Chumba kimeshatayarishwa, chini, karibu na bafu. "Nikienda kule nitakaa kwenye sofa," alisema. "Watanipa remote. Nitakuwa mtu wa kupewa remote."

Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akaniambia methali zangu nizipeleke kanisani. Tukabishana mpaka mteja akaingia kununua maziwa na kutoka, tukaendelea. Mwisho nilimwambia van asiiguse, na kwamba nikiiona barabarani nitampigia binti yake mimi mwenyewe, urafiki ufe ukitaka kufa. Akanipa funguo, ule wa kwanza na wa akiba. "Lakini binti nitamwambia mimi," akasema. "Nipe mpaka Jumamosi."

Wiki ile niliichukia. Funguo zilikuwa kwenye mkoba wangu zikigongana na vitu, na kila zilipolia nilikumbuka kwamba nimembeba mtu. Wodini nilimlisha uji bibi mmoja aliyeniuliza kila asubuhi kama ng'ombe wameshakamuliwa, nikajiuliza na yeye nani alimwondoa kwake, na kama aliyemwondoa alilala usiku ule. Nitasema ukweli: sehemu yangu moja ilitaka Mzee akatae. Akikataa tutagombana, lakini atakuwepo. Akikubali, atakwenda Leicester, na mimi Jumamosi nitakwenda wapi? Nina watoto wanaonipenda kwa Kiingereza, nina wagonjwa, nina waumini wenzangu wanaoniuliza mbona sionekani. Mtu wa kunitukana kwa Kiswahili huku ananimiminia chai sina mwingine. Nililia kidogo kwenye basi, ghorofani, kiti cha nyuma, na hakuna aliyegeuka.

Jumamosi ilipofika alikuwa bado hajapiga simu. Nilijua kabla sijauliza, kwa namna alivyochangamka. Ubao ulikuwa tayari, chai tayari, mboga zilikuwa zimeletwa na kijana wa duka la jirani. "Ona," akasema, "mambo yanakwenda." Tukaanza. Akamchimbia mfalme shimo lake, mkuki, mfalme, fedha, dhahabu, safari hii kwa uzuri ambao sijawahi kuuona, hakuna tundu hata la sindano. Nikasogeza hiki na kile bila matumaini. Nilikuwa nashindwa. Na mkono wake ukawa unakwenda kushoto kupapasa, unarudi, unasogeza, unakwenda tena.

Kwenye shogi hawafukuzi mfalme mpaka pumzi ya mwisho. Anayeona mambo yameharibika huinamisha kichwa na kutamka kwa mdomo wake kwamba ameshindwa, na mchezo unaishia hapo. Mimi neno hilo nimelitamka mara nyingi kuliko ninavyosema amina. Mzee sikuwahi kumsikia akilisema.

Mkono wake ulikwenda kushoto ukabaki huko, juu ya zile kete, hakuna hata moja iliyoguswa na adui. Kisha akaurudisha magotini, akainamisha kichwa.

"Nimeshindwa," akasema.

"Mzee, unashinda! Tazama."

"Nimechoka, mama. Nimechoka kukumbuka." Hakuinua kichwa. "Kila kitu nakumbuka. Mlango uko wapi, ngazi ziko wapi, sukari, chumvi, sura ya mteja. Nikilala nakumbuka. Hii si kuona, hii ni kazi. Mpigie."

Nilidhani ni mimi ninayejua kuchoka. Nilimtazama mzee huyu ambaye kila wiki nimekuja kujitua mbele yake, nikaona alikuwa amenibeba huku naye hana nguvu. Nikachukua simu yake, nikatafuta jina, nikapiga, nikampa. Aliongea Kigujarati. Sikuelewa kitu, isipokuwa kwamba binti alipaza sauti, kisha akanyamaza, na Mzee akarudia neno moja mara nyingi, polepole, kama anavyotulizwa mtoto. Alipokata alisema binti anakuja sasa hivi, ameshachukua gari. Akaniambia nikageuze kibao cha mlangoni, duka limefungwa.

Nikakigeuza. Nilirudi nikiwa nimekata tamaa, nikaanza kuokota kete nizirudishe kwenye boksi.

"Unafanya nini? Panga."

"Mzee..."

"Kutoka Leicester mpaka hapa unajua ni mbali kiasi gani? Panga. Halafu kila ukisogeza sema kwa sauti, kete gani, inakwenda wapi. Usiniibie."

Basi tukacheza hivyo, mimi nikitangaza kila hatua kama mtangazaji wa mpira, yeye akinijibu kwa kelele. Hakuchimba shimo. Mfalme wake alisimama katikati kifua wazi kama zamani, na farasi wake wakanijia, na askari, na kila kete aliyonila akaidondosha kichwani kwangu kwa kishindo. Alinichapa mchezo wa kwanza, na wa pili nikawa napumua kwa shida. Mkono wake haukwenda kupapasa kokote. "Wapi sasa, mama? Utajificha wapi?" alikuwa anapiga kelele. "Sema! Sema kwa sauti!"

Sikusikia gari. Niliinua macho nikamwona binti yake amesimama kwenye mlango wa nyuma, koti mwilini, funguo mkononi, hatua mbili tu kutoka begani kwa baba yake, upande wa kushoto. Alikuwa anamsubiri amwone. Mzee alikuwa anacheka, ananisubiri mimi niseme kete yangu inakwenda wapi. Binti akapunga mkono kidogo, kama anavyomsalimu siku zote. Akaupunga tena. Kisha akaushusha, akaupeleka mdomoni.

"Sema, mama," Mzee akasema. "Zamu yako."

"Mzee, mwanao amefika," nikasema. "Yuko kushoto kwako."

Akaanza kugeuza kichwa, taratibu, akakigeuza chote, mpaka akamfikia.