Kitanda cha Mninga

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Kila mwaka nawafundisha kidato cha tatu kwamba mtu akilala ubongo wake haulali, kwamba homoni zinaendelea na kazi, na kwamba mwili unaweza kuitikia ndoto bila kumwomba mwenyewe ruhusa. Mvulana anayecheka namsimamisha mpaka kengele ilie. Sasa niambieni, mwalimu huyo alifuata nini mbele ya madhabahu Jumapili ile?

Mchungaji alikuwa amesema mwanamke yeyote anayelala na mwanamume ndotoni ana mume wa kiroho, ajitokeze afunguliwe. Nilidhani hatanyanyuka mtu. Wakanyanyuka wanawake mpaka nikajiuliza nani kabaki kwenye viti, wenye pete na wasio na pete, akiwemo mama mmoja wa kwaya ambaye kwa ukali wake nilidhani hata kuota haoti. Nilikuwa bado nimewakodolea macho nilipogundua kwamba na mimi nimesimama.

Niseme ukweli. Mume wangu alikufa kwa maradhi ya kifua, na tangu nimzike huwa anakuja usingizini. Haji kunipa ujumbe kama marehemu wa watu wengine. Anakuja kama mume. Naamka nina furaha mwili mzima, na furaha hiyo ndiyo iliyonitisha, maana tangu utotoni nilifundishwa kwamba raha ya namna hiyo Mungu anaivumilia tu, tena ndani ya ndoa. Na ndoa yangu ilikuwa makaburini.

Mchungaji akanisogezea maikrofoni. "Ana sura ya nani?"

"Ya marehemu mume wangu."

Spika zikaipeleka sauti yangu hadi barabarani. Kwenye safu ya mbele alikuwa amekaa mama mkwe wangu, mama mzazi wa huyo marehemu, ninayeishi naye nyumba moja Temeke na ambaye hata nguo zangu za ndani sizianiki mbele yake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Pepo huvaa sura ya marehemu," mchungaji akasema. "Unalala kitanda kipi?"

"Alichokitengeneza mwenyewe."

"Basi hicho ndicho kinachompa njia. Jumamosi wamama wa maombi watakuja kukitoa, kikachomwe moto."

Mume wangu alikuwa fundi seremala Keko. Kitanda kile cha mninga alikitengeneza wakati wa uchumba wetu, jioni, akishamaliza kazi za wateja. Kurudi nyumbani tulipita palepale, mama mkwe mbele, mimi nyuma, katikati ya vitanda vilivyopangwa kando ya barabara vikisubiri wanunuzi. Hakugeuka. Wiki nzima iliyofuata tulisalimiana tu, shikamoo mama, marahaba, basi. Nilikuwa na hakika ananiona mchafu. Hasira nazo zilinikaba. Nimeshamzika mtu wangu mara moja, leo nimtoe mwenyewe akachomwe?

Jumamosi wakaja kweli, wakaanza kuimba sebuleni. Mama mkwe akanishika mkono, akaniingiza chumbani kwangu, akafunga mlango. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kanisani. Tangu niolewe hakuwahi kuvuka kizingiti kile. Kwao kusini mama hakanyagi chumba anacholala mwanawe na mkewe. Akasimama akikitazama kitanda bila kukigusa.

"Hivi ni yeye kweli?"

"Mama, mie nadhani ni ubongo wangu tu, unamkumbuka."

"Na huo ubongo kakupa nani?"

"Mungu."

"Na huo mwili?"

"Ni yeye huyohuyo," nikasema, na nikashangaa kwamba naliamini jibu langu. Hakuna aliyewahi kuniuliza vyote viwili kwa pamoja, chuoni wala kanisani.

Kisha akauliza, "Bado anakohoa?"

Nikakaa kitandani mbele yake, jambo ambalo siku nyingine ningeliona utovu wa adabu. Siku zake za mwisho, hospitalini, mume wangu alikohoa mpaka akashindwa kulala chali, na mama huyu ndiye aliyekuwa akimkalisha na kumshikilia kifua.

"Hakohoi, mama. Anapumua vizuri."

Akaanza kulia, akijifuta kwa ncha ya kanga. Akasema kwake haji. Amefunga, ameomba, hajamwona hata mara moja. Wiki nzima nilidhani ananionea aibu, kumbe alikuwa ananionea wivu.

Alipotulia akafungua mlango, akawaambia wamama wa maombi kwamba kitanda hakitoki, wakae wanywe chai. Wimbo ukakatika. Halafu akarudisha kichwa ndani na kusema kwa sauti ya chini, bila kunitazama usoni:

"Akija tena, mwambie mama yake anamsalimia."

"Haya, mama," nikamjibu. "Nitamwambia."