Ngazi: Mcheza kikapu aliyetakiwa apige kelele

Krak.

Kimya kidogo, kisha tena: krak. Ni saa kumi na moja alfajiri, giza bado limejaa dirishani, na jikoni mtu anakunja trei ya barafu taratibu kama anayeiba. Vipande viwili vitatu vinaangukia kwenye beseni la plastiki. Anasimama, anasikiliza mlango wa chumbani. Anakunja tena.

"Nikivivunja vyote kwa mkupuo ataamka," ananong'ona. "Na akiamka, maswali yanaanza. Maswali yakianza mimi sitoki hapa."

Anayenong'ona ni mcheza kikapu wa kulipwa, mwanamke wa miaka ishirini na minane mwenye urefu wa sentimita mia moja tisini na moja. Anaketi kwenye kiti kilicho kifupi mno kwake, ananyoosha mguu wa kulia mpaka unagusa friji, anaviringisha barafu kwenye taulo na kuiweka gotini. Jana walikuwa na mechi ya kirafiki, na goti limeumuka kama unga uliotiwa hamira.

Aliyelala chumbani ni binti yake wa miaka sita, Kidoti. Yeye mwenyewe anaitwa Ngazi. Jina hilo alipachikwa na majirani kwao alipokuwa darasa la sita. Balbu ikiungua, au mpira ukinasa juu ya bati, hawakuhangaika kutafuta ngazi. Walimtuma mtoto mbio akamwite.

"Nilikuwa nalichukia mno," anasema. "Sasa liko mgongoni kwenye jezi. Watu wa huku wanadhani ndilo jina la ukoo wetu."

Hii ni nchi ya pili ya ugenini anayochezea. Katika ile ya kwanza alikaa miaka miwili bila mtoto. Klabu ilimpa kitanda kimoja katika chumba cha watu watatu, na Kidoti, ambaye wazazi wake waliachana kabla hajaota meno, akabaki na bibi yake. Mama na mwana walionana kwenye simu. Bibi aliiegemeza kwenye chupa ya chai, mtoto anakula, mama anatazama.

"Siku moja akaja mgeni pale nyumbani, akamuuliza, mama yako yuko wapi? Kidoti akainuka, akaenda kuleta simu," Ngazi anasimulia. "Sasa simu yenyewe ilikuwa imeisha chaji. Akamwambia mgeni: mama amezimika."

Bibi alimsimulia kisa hicho huku akicheka hadi machozi. Ngazi naye alicheka, akaaga, akaingia bafuni na kufungua maji ili wenzake wa chumbani wasimsikie.

Kwa hiyo klabu ya sasa ilipomtafuta, swali lake la kwanza halikuwa mshahara. Lilikuwa nyumba. Klabu hii ina vyumba vichache vya familia juu ya duka la vipuri vya baiskeli, na huwapa wachezaji wanaoanza mechi. Wa akiba hulala bwenini, na bwenini mtoto haruhusiwi. Mshahara, anasema, ni wa kawaida: unalisha watu wawili, unamfikia bibi kila mwezi, na kinachobaki hakihitaji kufuli.

Alisaini. Kidoti akaletwa akiwa na begi moja na meno mawili pungufu.

Miezi mitatu baadaye, kocha wa timu alimwita pembeni baada ya mazoezi. Ni mama wa makamo anayevaa filimbi shingoni hata akiwa dukani, na hana tabia ya kuzungukazunguka.

"Unaruka vizuri, unazuia vizuri, lakini hunisaidii," alimwambia. "Mchezaji wa kati asiyesema ni nusu ya mchezaji. Ukimaliza msimu hivi, mwakani utakuwa wa akiba."

Ngazi hakuhitaji kutafsiriwa. Akiba maana yake bweni. Bweni maana yake Kidoti anarudi kwenye chupa ya chai.

Asiyefuatilia kikapu anaweza kushangaa kazi ya mchezaji inahusianaje na maneno. Mchezaji wa kati husimama chini ya kikapu cha timu yake, uso ukitazama uwanja mzima. Wenzake walio mbele huwatazama wapinzani tu. Hawaoni kinachokuja nyuma yao. Mpinzani hujisogeza na kusimama kama ukuta, mlinzi anajigonga, na mwenye mpira anapita bure. Wa kuonya ni mmoja tu, yule wa nyuma. Anatakiwa apige kelele dakika zote arobaini: anakuja kushoto, anakuja kulia, angalia nyuma yako, nipo hapa nakusaidia.

"Kwetu nilikuwa redio," anasema Ngazi. "Refa alishawahi kuniambia, dada, hebu vuta pumzi, hata sisi tunataka kusikia filimbi. Huku nikawa gogo. Naona hatari, nalitafuta neno kichwani, nalipata, mpira umeshaingia zamani."

Alijiandikisha darasa la jioni la lugha. Mambo yakawa mabaya zaidi. Katika lugha ya huko, neno la "kushoto" na neno la "mwache" hutofautiana kwa pumzi tu. Katika mechi moja ya nyumbani alikusanya ujasiri wake wote na kupaza sauti: "Kushoto!" Mwenzake akasikia "Mwache!" Akamwacha. Mpinzani alitembea hadi kikapuni, akaweka mpira kama mtu anayerudisha chungu kabatini.

Usiku huohuo alimpigia mama yake.

"Ngoja nielewe," bibi alisema. "Nimekulea ukipayuka mpaka wapangaji wakahama. Shuleni niliitwa mara ngapi sijui, mtoto wako ana kelele. Leo unataka kufukuzwa kazi kwa sababu ya kukaa kimya?"

"Ndiyo hivyo, mama."

"Basi dunia imepinduka. Umekula lakini?"

Wokovu ulikuja bila kupangwa. Mchezaji anayeongoza mashambulizi ya timu ni mzaliwa wa huko, mfupi, mwepesi, hakamatiki; Ngazi alikuwa amempa jina la Kiroboto, na mwenyewe alidhani maana yake ni malkia. Katika mechi ya ugenini, dakika za mwisho, Ngazi aliona jitu la watu likimjia Kiroboto kwa nyuma. Hakutafuta neno. Lililokuwa mdomoni likatoka:

"Nyuma yako, dada!"

Kiroboto hakujua hata silabi moja. Aligeuka, akakwepa, akaunasa mpira.

"Ile sauti ilikuwa ya mtu anayeona gari linamjia mtoto," Kiroboto anaeleza, akiwa amekaa sakafuni akifunga kamba za viatu. "Utasubiri kamusi?"

Kesho yake alimfuata Ngazi kwenye chumba cha kubadilishia nguo. "Nipe matatu," alisema. "Maneno matatu ya kwenu. Mimi niko hapa miaka yote na lugha yangu. Wewe una kazi ya kutazama watu tisa. Acha mimi ndiye nijifunze."

Walianza na nyuma, kushoto na kulia. "Nyuma" lilishika mara moja. Mawili yaliyobaki yakaleta balaa. Kiroboto ni mwepesi kuliko neno lenyewe: akisikia "ku" tu ameshachupa, na mara nyingi alichupa kusiko. Wenzake nao, walipojiunga, wakawa wanagongana kama kuku waliotupiwa mtama.

"Tangu nizaliwe sikuwahi kugundua kwamba kushoto na kulia yanaanza sawa," Ngazi anasema. "Mpaka uwaone wazungumzaji wapya wanavunjana pua ndipo unaelewa."

Wakayakata vichwa. Kushoto likawa "shoto". Kulia likawa "lia". Wakaongeza la nne, "nipo", la kumwambia mwenzako kwamba akipitwa, kuna mtu nyuma yake.

Siku ya kwanza kuyatumia nyumbani, Kidoti alikuwa jukwaani na jirani yao, mjane mshona nguo wa ghorofa ya chini ambaye humtunza mtoto wakati wa mechi. Uwanja mzima ulimsikia Ngazi akimfokea Kiroboto: "Lia! Lia! Lia, nakwambia!"

Kidoti alimvuta mshona nguo sketi. "Mbona mama anamlazimisha?"

Jirani hakujua hata neno moja la kwao Ngazi. Ilibidi Ngazi amweleze mtoto jioni, wakila. Kidoti alifikiri, kisha akasema, "Lakini hata hakulia," na akaomba aongezewe mchuzi.

Kiroboto naye ilibidi hatimaye aambiwe maana ya jina lake. Alinuna nusu siku. Sasa anataka liandikwe kwenye jezi.

Aliyebaki kusadikishwa ni kocha. Aliwatazama mazoezini wiki nzima, filimbi mdomoni. Kisha akamsimamisha Ngazi.

"Inafanya kazi," alisema. "Lakini nieleze jambo moja. Nikiwajenga kwa maneno yako, halafu wewe ukaondoka, mimi nitabaki na timu inayoongea lugha ya nani?"

"Basi nisiondoke," Ngazi alijibu.

Kocha hakucheka. Alipuliza filimbi, mazoezi yakaendelea.

Msimu ulienda hivyo, wakishinda na kufungwa, lakini wakifungwa kwa pointi chache. Ngazi alirudia utu wake wa redio. Alikuwa akirudi nyumbani sauti imekauka, akimsomea Kidoti hadithi kwa kunong'ona, na Kidoti, ambaye ameishika lugha ya huko kama aliyezaliwa nayo, akimsahihisha kila anapoikosea. "Mama, si hivyo," humwambia. "Ukisema hivyo mbele ya mwalimu wa chekechea nitajificha."

Mechi ya mwisho ya nyumbani ndiyo ambayo Ngazi hataisahau. Zikiwa zimesalia dakika sita, refa alimpa kosa la tano, na kwa sheria za kikapu makosa matano ni kutoka. Akaenda kuketi benchi, taulo kichwani, akijua kwamba safu ya nyuma imebaki bila macho.

Kisha akasikia.

"Shoto! Shoto!" Ilikuwa sauti ya msichana aliyeingia badala yake, mdogo, ambaye kwa kawaida hata salamu huitoa kwa kutikisa kichwa. "Lia! Nyuma! Nipo, nipo!"

Kiroboto akaitikia. Wengine wakaitikia. Uwanja ambao hamkuwa na mtu hata mmoja wa kwao Ngazi, mbali na yeye na binti yake, ulijaa maneno ya kwao, yamekatwakatwa, yametamkwa kombo, na kila moja lilifika mahali pake. Wapinzani hawakupata kikapu kwa muda mrefu.

"Nilifurahi mpaka nikasimama," Ngazi anasema, na hapa anaiondoa barafu gotini, anaigeuza, anairudisha. "Halafu nikaketi. Nikajiambia, wewe mwanamke, umejifukuza kazi kwa mdomo wako mwenyewe. Sasa wanayaweza bila wewe. Watakuhitajia nini?"

Walifungwa mechi ile kwa pointi moja. Yeye hakuuona mpira wa mwisho. Alikuwa akimtazama Kidoti jukwaani, akihesabu kichwani nguo zitakazoingia kwenye begi.

Siku mbili baadaye kocha alimwita ofisini. Ngazi aliingia akiinama mlangoni kama kawaida yake, akakataa kiti.

"Sikiliza," kocha alisema. "Mwakani naletewa wasichana wanne wapya. Wanne. Hawajui kuzuia, hawajui kusimama, hawajui kitu. Nani atawafundisha zile kelele zenu?"

Ngazi alibaki amesimama, akidhani ametafsiri vibaya. Akaomba arudiwe. Kocha akarudia polepole, kisha, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, akasema kwa lafudhi ya kutisha: "Nipo. Wewe nipo. Sawa?"

"Sarufi yake ilikuwa vurugu tupu," Ngazi anasema. "Sikumsahihisha."

Ni mkataba wa msimu mmoja. Aliomba miwili, alikataliwa. Mshahara haukupanda, na goti, daktari wa timu amemwambia wazi, lina miaka ya kuhesabika. Lakini ataanza mechi, na vyumba juu ya duka la vipuri vya baiskeli ni vyake kwa mwaka mwingine. Mipango yake haina makuu: acheze mpaka goti likatae, asomee ukocha akiwa bado anacheza, kisha arudi kwao akaanzishe timu ya wasichana wadogo, "wale wenye kelele, wanaoitiwa wazazi shuleni."

Kabla ya hayo yote kuna jambo la leo. Kukishapambazuka, barafu imekwisha kuyeyuka na Kidoti amekwisha kuamka na maswali yake. Saa tatu asubuhi wako kwenye foleni ya shule ya msingi iliyo mitaa miwili kutoka nyumbani. Shule hii huandikisha tu watoto wenye uhakika wa makazi ya mwaka mzima mtaani. Wiki tatu zilizopita, kabla ya mkataba mpya, Ngazi asingethubutu hata kusogelea geti.

Foleni ni ndefu. Wazazi wanamtazama Ngazi kwa kuinua shingo, kisha wanajifanya hawakutazama. Kidoti amevaa sketi mpya aliyoshonewa na jirani yao, amesimama wima, mkono mmoja ndani ya mfuko wa koti la mama yake.

Karani wa uandikishaji ni bwana mpole mwenye miwani. Anasoma, anagonga mhuri, kisha anainamia meza na kumgeukia mtoto. Anazungumza polepole mno, akitenganisha kila neno, kama anavyofanya kwa watoto wa wageni.

"Na wewe, binti. Nyumbani unaishi na nani?"

Ngazi anafungua mdomo ili amsaidie. Kidoti amemtangulia. Anajibu kwa lugha ya karani mwenyewe, bila kukosea hata pumzi, kwa sauti inayowageuza watu mpaka mwisho wa foleni:

"Ninaishi na mama yangu."