Damu ya Mbele na Damu ya Nyuma

Wapwa zangu, mdogo wangu wa kike nyote mnamfahamu. Ndiye yule mama wa bucha ya pale kona, anayeitwa Shoka hata na watoto aliowazaa mwenyewe. Mimi ni kaka yake mkubwa, na kama anajua kushika kisu, mjue nani alimfundisha. Yeye husema nilimfundisha kukimbia kisu. Tuyaache hayo, mwenye kalamu ni mimi.

Nusu ya bucha aliachiwa na marehemu mumewe. Nusu nyingine ni ya mdogo wa marehemu, shemeji yetu, mtu mwembamba anayekaa kwenye mizani na kupokea pesa, kwa hiyo tunamwita Mizani. Mizani anapima, hakati. Anayekata ni Shoka. Paja zima la ng'ombe analipandisha kwenye kulabu peke yake, na huku anakuuliza habari za nyumbani. Gogo la kukatia liko ukutani, kwa hiyo akikata anawapa wateja mgongo, na mgongoni ana koti jeupe, maana watu wa afya wanataka muuza nyama avae nyeupe. Aliyebuni hilo hajawahi kuchinja hata kuku.

Sasa, alipovuka miaka arobaini na mitano, siku zake zilizokuwa zikija kwa adabu tangu usichana zikaharibika tabia. Mwezi mmoja zinakuja mara mbili. Kisha kimya, mpaka anadhani zimeaga. Halafu zinaingia bila hodi, nyingi, zinakaa wiki na ushee, na joto linampanda usoni kama aliyefungua mlango wa tanuri. Mnajiuliza mimi nimeyajuaje? Nina mke, nina dada, nina masikio. Mwanamume anayejifanya hayajui mambo haya, sijui alilelewa na nani.

Alikwenda hospitali. Nilimsindikiza, kwa sababu madaktari wakiniona hukaa sawa. Wakampima damu, wakamwangalia tumbo kwa ile mashine, wakachukua kinyama kidogo cha ndani ya kizazi kikaenda maabara. Uvimbe hakuna, saratani hakuna. Daktari, mama mmoja mpole, akamwambia kwamba wanawake wengine wakielekea kukoma hedhi mambo huwa hivyo. Damu mwilini imepungua, anywe vidonge, na ikizidi kupita kiasi arudi haraka, asikae nyumbani kuvumilia.

"Na itakoma lini, daktari?"

"Inaweza kuwa mwaka, inaweza kuwa miaka kadhaa."

"Haya, itakuja lini tena?"

"Hilo siwezi kukuambia, mama."

Tulipotoka nje Shoka akaniambia, "Kaka, hata fundi bomba hunidanganya kwamba ni kesho."

Basi ikaja Jumamosi moja, foleni imefika hadi mlangoni kwa fundi viatu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi langu ndani ya bucha, nasimamia kazi. Shoka anavunja mbavu, pa, pa, pa. Ghafla foleni ikanyamaza. Nikageuka, nikaona doa nyuma ya koti.

Sikilizeni ajabu ya binadamu. Koti hilohilo, upande wa mbele, lilikuwa limelowa damu ya ng'ombe tangu asubuhi, kifuani, tumboni, hadi mikononi, na watu walikuwa wanaagiza maini huku wanacheka. Lakini lile doa la nyuma, dogo kuliko kiganja, lilimfanya mama mmoja mwenye miwani avute mtandio ajizibe pua. Damu ya mbele ni kazi, damu ya nyuma ni kashfa.

Shoka akahisi. Akatupa kisu, akatokea mlango wa nyuma, na siku hiyo hakurudi.

Jioni Mizani akaja nyumbani kwa Shoka. Nilikuwepo, nakunywa chai ya watu.

"Shemeji, nimefikiria sana," akaanza. "Pumzika kwanza."

"Nipumzike mpaka lini?"

"Mpaka yaishe hayo mambo yako."

"Daktari hajui yataisha lini. Wewe umepewa tarehe?"

Mizani akakohoa. "Wateja wanasema, shemeji. Nimeshapata mtu wa kukata, anaanza Jumatatu. Fungu lako nitakuletea hapahapa, kila mwezi bila kukosa."

"Kila mwezi bila kukosa," akasema Shoka. "Afadhali wewe unayeweza."

Chai ilinipita puani.

Lakini Mizani alipoondoka, mdogo wangu hakucheka. Alikaa akitazama viganja vyake. "Mtu mwingine akishasimama pale gogoni, kaka, mimi sitoki tena humu ndani. Nitakuwa mjane wa kuletewa."

Nikampa ushauri wa kitaalamu. Nikamwambia ashone koti la rangi ya damu, mambo yamekwisha.

"Ili nimfiche nani? Miaka yote hii wananunua damu kwangu."

Jumatatu tulipofika, mtu mpya alikuwa mlangoni, shingo nene, kisu chake amekiviringisha kwenye gazeti. Shoka akampita, akavaa koti jeupe lililopigwa pasi, akabeba paja, akalitundika.

"Shemeji, si tulikubaliana?" Mizani akamwambia.

"Ulikubaliana na nani? Mimi niliuliza maswali tu."

Yule mkataji akamgeukia Mizani. "Mzee, uliniambia mwenye nafasi ni mgonjwa, hana nguvu." Akalitazama paja linavyoning'inia. "Ndiye huyu?" Kisha akaja kukaa nami kwenye benchi.

Foleni ikajaa. Hata mama wa miwani alirudi, maana bucha nyingine anauziwa mifupa. Mizani akanong'ona, "Na ikitokea tena?"

Shoka akajibu kwa sauti, foleni nzima isikie. "Ikitokea nitabadilisha nguo. Mimi naelekea kukoma hedhi, siku zangu zinakuja zinavyotaka. Nimepimwa, nakunywa dawa. Nikianguka, niokoteni. Nikisimama, niacheni. Aliyekuja kununua nyama asogee. Aliyekuja kutazama mgongo wangu, ukuta ule pale nao ni mweupe."

Wanaume wawili wakaanza kusoma dari. Mshona nguo wa mtaa wa pili, mama mnene mwenye futi ya kupimia shingoni, akadakia. "Zangu mwezi uliopita zilikuja, zikaaga, zikarudi kana kwamba zimesahau mkoba."

Wakacheka. Mama wa miwani akachezea mtandio wake, akasema polepole, "Mimi mwaka mzima nilifunga sweta kiunoni, na jua lote lile."

"Kumbe," akasema mshona nguo. "Na Jumamosi ukajiziba pua."

"Niache, dada. Nilishtuka."

Nyama ikaendelea kuuzwa. Saa nne hivi nikaona mabega ya Shoka yamesimama. Imekuja. Doa lile, palepale. Safari hii hakutupa kisu. Alikifuta, akazunguka kaunta, akamshikisha Mizani mpini.

"Shika. Nakwenda kubadilisha."

Choo cha maduka yale kiko upande wa barabara. Angeweza kuzungukia nyuma. Akachukua mfuko wake, akapita katikati ya foleni, mgongo umenyooka kama askari wa gwaride. Watu wakampisha. Hakuna aliyeziba kitu.

Mizani akabaki na kisu mkononi, macho yote kwake.

"Kata basi, baba," akasema mshona nguo. "Au na wewe unasubiri zako?"

Mizani akamtazama yule mkataji. Mkataji akakunja mikono. "Mimi simo, mzee. Nafasi ina mwenyewe." Akaaga, akaenda zake na gazeti lake.

Mizani akakata. Alichotoa sijui kilikuwa nyama au ajali.

Shoka akarudi na koti safi, akanyoosha mkono. Mizani akamrudishia kisu, akaenda kukaa penye mizani yake. Shoka akalitazama lile pande juu ya kaunta.

"Nani kaifanya nyama hivi?"

"Shemeji yako," akajibu mshona nguo.

"Mama, nakukatia nyingine. Hiyo mwekeeni, ataila mwenyewe."

Na Mizani akaifunga kwenye karatasi, akaiweka pembeni, yake.