Migomba Yangu na Mji Ule wa Wanafunzi

Mwaka wenyewe ni ule tuliokula maparachichi mpaka mbwa wakageuza shingo. Wanunuzi walikuwa wameahidi malori, na kuanzia Masukulu mpaka Kinyala watu walipanda miparachichi kama waliopewa amri. Malori yakaja machache, yakachagua tunda kama mtu anayechagua mchumba, yakaondoka. Yaliyobaki tukayala sisi. Asubuhi parachichi na chai, mchana parachichi na ugali, jioni watoto wakikuona umeshika kisu wanakimbia. Mwanangu wa kwanza ndiye aliyenibembeleza nimpe kipande cha chini cha shamba langu, akakata migomba pale, akapanda hiyo miparachichi. Na mwaka huohuo mimi nilikwenda Marekani.

Usicheke. Nilikwenda kweli, kwa ndege, na kitenge kipya. Binti wa huyo mwanangu alikuwa anamaliza chuo huko. Tiketi ilikuwa moja, na mtoto akasema anamtaka bibi aliyemlea. Baba yake alinibebea begi mpaka kwenye basi pale Tukuyu, akaniambia, "Mama, uangalie kila kitu, uje unisimulie." Nikaangalia kila kitu.

Mji ule ni mdogo. Ukisimama katikati unaona mwisho wake pande zote, na mwisho wake ni mashamba. Mahindi huku, soya kule, tambarare kama sinia. Kilima cha kumficha hata mbuzi hakuna. Mahindi ndiyo kwanza yalikuwa yanachipua, na mtu shambani simwoni.

"Wanapalilia saa ngapi hawa?" nikamwuliza mjukuu.

"Bibi, shamba lote lile ni la mtu mmoja na trekta lake."

Nikamwonea huruma yule mtu. Akifiwa, atasaidiwa na trekta?

Sasa kwetu mgeni hakai ndani kama kuku wa kununuliwa, amefungwa mguu. Unazunguka. Unasalimia nyumba hadi nyumba, unauliza wenyewe ni watu wa wapi, wanalima nini, wana watoto wangapi. Usipofanya hivyo watasema una maringo, au una jambo unaficha. Basi asubuhi ya kwanza, mjukuu akiwa bafuni, nikajifunga kitenge, nikaanza na mlango wa jirani. Ngo, ngo, ngo. "Ugonile!" Ndiyo salamu yetu, kwamba umelala salama. Kiingereza sina, lakini salamu ni salamu.

Akafungua mzee wa Kizungu. Aliponiona na kitenge changu na kichwa nimefunga, alidhani naleta dini. Akaweka mkono kifuani, akaonyesha juu, maana yake anayo tayari. Nikamwambia vizuri sana, endelea nayo, na nyumba hii mko wangapi? Hapo mjukuu akatokea anakimbia, nywele zinachuruzika maji.

"Bibi! Hapa watu hawagongewi milango!"

"Nimeshagonga. Tafsiri."

Akatafsiri, uso umemwiva. Na yule mzee, nakwambia, alikuwa na kiu ya kuulizwa. Alifanya kazi maisha yake yote kwenye kiwanda cha vioo. Kiwanda kilifungwa zamani, na jengo lake sasa ni vyumba vya wanafunzi. Watoto wake wamehama wote. Anakaa yeye na paka, na paka ana daktari wake.

Tukaenda nyumba ya pili, maana ukishaanza huwezi kuruka nyumba, ni matusi. Mle walikuwa vijana wa kiume wanaosoma, vifua wazi, ndiyo wanaamka na jua limeshapanda. Kila mmoja ana chumba chake, na sufuria hakuna. Kula yao wanaletewa kwenye boksi. Nyumba ya tatu ni mwalimu wa chuo, mtu wa India, na mkewe, ambaye alitupa chai ya viungo nikakaa kabisa. Ya nne ni mama mmoja mweusi, mnene kama mimi, anapika jikoni kwa chuo. Ya tano ni mama mwenye nyumba, Mzungu wa makamo, mcheshi, ambaye mtaa karibu wote ni vyumba vyake.

Jioni nikawa nimeuelewa mji kuliko waliozaliwa humo. Mwenye kupika anawapikia wanafunzi, mwenye kufagia anafagia chuo, mwenye duka anauza kofia na fulana za chuo. Hospitali ya chuo, uwanja wa mpira wa chuo, hata askari wengine ni wa chuo. Wanafunzi wenyewe wanakaribia kuwazidi wenyeji. Ukiwatoa wao, wanabaki wazee, walimu na paka.

"Kumbe chuo ndiye ng'ombe wenu," nikamwambia mjukuu. "Mji mzima umeshika chuchu."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Bibi, mimi nimeandika kurasa na kurasa kuhusu hilo."

"Ungenipigia simu."

Siku ya majoho tulikaa kwenye ukumbi mkubwa kama kiwanda cha chai. Wakatangaza kwamba watu wasishangilie mpaka majina yote yasomwe. Mjukuu alikuwa amenionya, tena mara nyingi. Jina lake likasomwa. Mtoto niliyembeba mgongoni kuchuma chai, niliyempeleka shule kwenye matope ya Lupepo viatu vimo mikononi ili visichakae! Nikapiga vigelegele. Virefu. Ukumbi wote ukageuka, akaja kijana mwenye koti anataka kunishika bega, na nyuma kabisa, kwenye mlango wa jikoni, yule mama mpishi akanijibu kwa sauti yake kubwa. Kijana akatutazama mimi na yeye, akaona tumemzidi kilo, akarudi alikotoka.

Halafu mji ukakauka. Kabla hata sijakunja kile kitenge, vijana walipakia magari wakaondoka, na barabarani wakaacha makochi mazima, magodoro, taa, viti. Nilikokota kiti kimoja kizuri mpaka ndani. Mjukuu akakirudisha. Nikakikokota tena. Duka la kofia likafungwa. Mama mpishi akaambiwa apumzike bila mshahara mpaka watakaporudi. Mtaa ukanyamaza hadi unasikia friji la jirani.

Nikamkuta mama mwenye nyumba amekaa kwenye ngazi zake, anakula supu ya kopo, kijiko ndani ya kopo. Mjukuu akawa katikati yetu.

"Wapangaji wako wapi?"

"Wamekwenda kwao. Watarudi mahindi yakikaribia kukomaa."

"Na wewe shamba lako liko wapi?"

"Sina. Palikuwa na bustani ya mama yangu hapo nyuma. Nimemwaga lami, waegeshe magari."

Tukaenda kuiona. Lami nyeusi, safi, na hakuna hata gari moja. Mama wa watu hakuwa na huzuni, anacheka vizuri tu, lakini mimi sikuweza kuondoa macho pale. Nilimwita aje ale kwetu. Tukampa wali na maharage, akala sahani mbili, akaomba na ya kubeba.

Niliporudi Tukuyu nilisimulia. Nani asingesimulia? Sokoni, kanisani, kwenye mizani ya chai. Nilisimulia mzee wa paka, majoho, mji unaokula kwa wanafunzi kuanzia mpishi mpaka askari. Nikifika kwenye vigelegele watu wanacheka mpaka wanashikana, wanainuka, mkutano umekwisha. Kwenye lami nilikuwa sifiki.

Ndipo ikavuma habari kwamba kuna chuo kitajengwa njia ya kwetu, juu kidogo ya mashamba ya chai. Hata jiwe la msingi hatujaliona, watu wameshachukua mapanga. Mtaa mzima ukanuka utomvu wa migomba. Jirani yangu wa chini alikata yote, hata yenye mikungu michanga, akapanga matofali. Ukimwuliza anasema, "Si mama huyu aliyekwenda Marekani ndiye katuambia?" Na anaonyesha kwangu.

Asubuhi moja mwanangu akaja na mtu amebeba kamba na vigingi.

"Shikamoo Mama. Huyu ni fundi."

"Marahaba. Kamba ya nini?"

"Tunapima tu."

"Mnapima nini, jeneza langu?"

Fundi akacheka, akamwona mwanangu hacheki, akaacha.

"Vyumba, Mama. Wanafunzi wanakuja. Wewe mwenyewe umesema kule mji mzima unakula kwa wanafunzi."

"Nimesema. Na lami nimesema?"

"Lami gani tena?"

Nikamwambia habari ya lami na kopo. Alisikiliza huku anakanyagakanyaga majani makavu. Tulikuwa tumesimama katikati ya migomba, karibu na kaburi la baba yake. Mzee alitaka azikwe palepale, kwenye kivuli, na hajawahi kukilalamikia.

"Hiyo ni Marekani, Mama. Hawa wetu wataondoka waende wapi?"

"Kwa mama zao."

Akamtupia fundi jicho. Halafu akasema kwa sauti ya chini, fundi asisikie, "Miparachichi imenikausha. Wadogo zake yule wa Marekani bado wanataka kusoma. Wewe unataka nifanye nini?"

Hilo lilinichoma, siwezi kudanganya. Huyu si mvivu. Huyu ndiye aliyebaki kijijini wenzake walipokimbilia Mbeya na Dar.

"Chukua vile vyumba viwili mlivyokuwa mnalala utotoni," nikamwambia. "Paka rangi, weka wanafunzi. Nitawapikia mbalaga, zile ndizi zetu za maharage, mpaka washibe."

"Mama, mwanafunzi wa leo anataka geto lenye choo ndani. Hataki bibi wa kumwuliza jana ulirudi saa ngapi."

"Basi huyo hajaja kusoma."

Fundi akashindwa kabisa kujizuia. Mwanangu akamnyang'anya kamba. "Nakuomba, Mama. Sema neno moja tu."

Nikasema mawili. "Sikati mgomba hata mmoja. Mgeni akija nimpe nini, bati?"

Akakunja kamba, akaondoka. Kanisani akawa anakaa benchi la mbali. Mkewe akawa ananisalimia kwa wizi.

Tukakaa hivyo mpaka mama wa jirani yangu wa chini alipofariki. Alikuwa mzee, ameshiba siku zake, tulimlilia kwa heshima bila kuumia sana. Lakini msiba wetu si wa chai na mkate. Watu wanajaa, wanalala pale, wanakula pale, na kila nyumba inakuja na kuni na mkungu. Mwanamke kuingia msibani mikono mitupu, afadhali angebaki kwake aseme anaumwa. Sasa mikungu itoke wapi? Mfiwa mwenyewe uwanja wake ni matofali. Walio jirani naye hivyohivyo. Sokoni ndizi zilikuwa zimeondoka na malori tangu alfajiri.

Wakaanza kuja kwangu mmoja mmoja, wanapitia nyuma ya nyumba kama wanaokwenda kwa mganga.

"Mama, tunaomba mkungu."

"Panga liko mlangoni. Kateni iliyokomaa tu, na watoto wa mgomba msiwakanyage."

Wa mwisho kuja alikuwa mwanangu, mkewe amesimama nyuma yake ameshika ngata ya kubebea.

"Ndaga, Mama," akasema. Kwetu neno hilo ni pole, ni asante, ni samahani. Sikumwuliza alichagua ipi.

Hakuuliza mkungu uko wapi. Alikwenda moja kwa moja kwenye uliokomaa, akaukata vizuri, akauinamisha mgomba taratibu usiangukie wengine, akaacha shina lina mtoto na mjukuu kama baba yake alivyomfundisha. Kisha akapita kaburini, akaokota majani makavu. Mkewe akajitwika mkungu, wakaenda msibani wameinua vichwa.

Tulipomaliza matanga alikuja kwangu, akakaa jikoni karibu na moto kwenye kigoda chake cha zamani. Nikampa mbalaga. Akala kwanza, akarudia.

"Mama, yule mama mwenye nyumba wa Marekani, akienda msibani anapeleka nini?"

"Sijui. Labda kopo la supu."

Akacheka mpaka akapaliwa, nikampiga mgongoni. Tangu habari ya kamba nilikuwa sijamsikia akicheka.

"Jumamosi nitakuja kupaka rangi vile vyumba viwili," akasema. "Watakaokuja watazoea kuulizwa."

"Watazoea."

Akachokonoa meno kwa kijiti, macho kwenye moto, vilevile alivyokuwa anafanya akiwa mdogo akitaka sukari ya pili.

"Lakini, Mama. Upande wa barabarani tu. Ile michache iliyoinama. Kibanda kimoja cha duka, si vyumba. Hata Baba hatajua."

Nikamwongezea ndizi kwenye sahani, na mchuzi juu yake.

"Sikati mgomba hata mmoja. Mgeni akija nimpe nini, bati?"