Nyumba Zilizoupa Mto Kisogo

Ermelinda Zúniga alifundisha darasa la pili kwa miaka kumi na tisa, mpaka kimbunga kilipopita na shule yenyewe. Wafadhili walipokuja kutujengea nyumba arobaini pale kilimani, walitafuta mwenyeji wa kusimamia kazi, wakamchukua yeye. Ujenzi hakuujua. Alichojua ni kumtambua mtu aliyelipua kazi, na mafundi hilo walilitambua mapema. Alipita na fimbo akigonga kuta. "Hii ni saruji au uji?" Fundi alibomoa bila kubisha, maana nusu ya mafundi hao yeye ndiye aliyewafundisha kusoma.

Kufikia Julai, nyumba kumi na mbili zilikuwa tayari na zimeshagawiwa. Akaja mkaguzi kutoka Uholanzi, kijana aitwaye Joris, mrefu kiasi kwamba alikuwa akiinama hata pasipo na mlango. Nyumba mbili za kwanza zilimpendeza. Ya tatu ilikuwa ya Mzee Tiburcio. Walipiga hodi, akaitikia nguruwe.

Nguruwe alikuwa amejinyoosha katikati ya sebule, raha mustarehe. Mwenye nyumba walimkuta uani, chini ya turubai lake la tangu kimbunga, akikoroga maharage.

"Mzee Tiburcio! Nyumba ile ni ya binadamu!"

"Nguruwe hajalalamika."

"Nalalamika mimi! Nimetia sahihi kwamba unaishi humo. Unataka niumbuke mbele ya mgeni?"

"Mwalimu, hebu nenda kasimame mlangoni, kisha uniambie unaona nini."

Ermelinda akaenda, akasimama. Chini ya kilima mto ulikuwa umetulia kama mtoto aliyevunja sahani.

"Naona mto."

"Basi huyo ndiye aliyekula nyumba yangu, na ng'ombe wawili, na kitanda nilichomwolea marehemu mke wangu. Leo ninywe kahawa asubuhi tukitazamana naye?"

Joris akakunjua ramani. Akaeleza kwa upole kwamba milango yote ilielekezwa mtoni makusudi, kwa ajili ya upepo na mandhari. "Kwetu watu hugombania nyumba inayotazama maji."

"Kwenu maji mmeyafunga kamba, mwanangu," alisema mzee. "Ya hapa yanazurura."

Ermelinda hakucheka. Alikuwa ameikumbuka nyumba ya jirani, Mama Domitila, aliyeliegemeza kabati lake mlangoni, akawa anaingia na kutoka kwa dirisha la jikoni, na miaka yake sitini na tatu. Ermelinda alidhani mama wa watu hajui kupanga vyombo. Kumbe yeye mwenyewe, aliyepima kila ukuta kwa pima maji, hakuwahi kumuuliza hata mtu mmoja angependa kutokea wapi. Aliona haya mpaka masikio yakamchoma.

"Tugeuze milango," alisema.

"Haiwezekani. Ramani zimeshapitishwa," alijibu Joris.

Mchana huo mvua ikamwagika, ya kwetu, isiyokupa nafasi ya kuvaa kofia. Wote wakakimbilia kwa nguruwe. Joris akaketi kwenye ndoo ya rangi, akiutazama mlango. Baada ya nusu saa mto ulianza kunguruma. Akasogeza ndoo nyuma kidogo. Ukanguruma tena, akasogea tena, hadi mgongo ukagota ukuta wa nyuma. Mzee Tiburcio alimtazama tu, akitafuna chapati ya mahindi.

Mwishowe Joris akaugonga ule ukuta kwa kiganja. "Mwalimu, tukitoboa hapa, nyumba itasimama?"

"Itasimama. Tutaweka linta, boriti ya zege, juu ya mlango, na tundu la mbele tutalijenga liwe dirisha."

"Basi naandika kwamba ramani ilishikwa kichwa chini."

Tulizigeuza zote kumi na mbili kwa wiki tatu, na zilizobaki zikajengwa zikitazama kilima tangu msingi. Kumtoa nguruwe kulihitaji wanaume wanne na embe bovu. Picha zilipigwa kutoka upande wa mtoni, zikapelekwa Uholanzi. Ikaja barua: nyumba ni nzuri sana, lakini watu wanaingiaje? Ermelinda aliijibu mwenyewe, kwa mwandiko wake wa ubaoni: "Wanapiga hodi upande wa pili."

Mzee Tiburcio alihamia Jumamosi. Jumapili alikuwa kwa Ermelinda tangu asubuhi, akilalamika kwamba mabati yana kelele.