Tulivyomchokoza Kelele

Kelele alinyamaza akiwa juu ya paa la lifti, katikati ya ubeti. Mimi nilikuwa ghorofa ya chini nikisafisha reli ya mlango, naye kule juu alikuwa akikaza nati na kuimba, maana shimo la lifti lina mwangwi ambao, kwa maneno yake, studio yoyote ingeuonea wivu. Mtu yule hakuwahi kusahau ubeti tangu nimjue, kwa hiyo nilipanda ngazi mbio kabla hata sijamwita. Nilimkuta ameegemea kamba za chuma, mdomo umekwenda upande, spana bado iko mkononi. Kiharusi, walisema hospitali.

Jina la Kelele tulimpa kwa kejeli. Kazini alikuwa mpole mpaka anaudhi. Mwenye jengo akifoka, yeye anajibu kwa sauti ya chini huku anaendelea kufungua skrubu. Mkewe alimtania kwamba hata mlango anaubembeleza ndipo ufunge. Ila mtajie Radi Kavu, hapo utamjua. Hiyo ndiyo bendi yetu, watu wanne wa roki wenye magitaa na hasira, na mtaa mzima mashabiki wake tulikuwa watatu: Kelele, mimi, na Mwalimu, ambaye hufundisha hesabu na kuvaa fulana nyeusi ya bendi ndani ya shati la kazi. Wengine wote walituona hatuna akili timamu, nasi tukawaona hawana masikio.

Kila Ijumaa jioni tulikutana sebuleni kwa Kelele kupiga kura. Kila mmoja anataja wimbo anaouona bora kuliko zote, unachezwa hadi mwisho bila mtu kukohoa, kisha anautetea. Wapiga kura watatu, wagombea watatu, kila mtu na wake. Hakuna aliyewahi kushinda. Wa Kelele siku zote ulikuwa “Kutu”, ule mrefu ambao gitaa linakwaruza mpaka meno yanakufa ganzi. Ukimpinga, anasimama. Ukiendelea, anatoka nje, anarudi na hoja mpya, anatoka tena. Mwalimu aliwahi kusema kwamba wimbo ule ungefaa kupunguzwa kidogo, akanuniwa mwezi mzima.

Na kulikuwa na wimbo mmoja usiotajwa nyumba ile. “Taa ya Ngazi”, wa piano na sauti laini, bendi iliutoa ilipotaka kupendwa na redio. Kelele aliuita usaliti. Alisema ni wimbo wa kuwapigia watu hotelini wakingoja funguo za vyumba.

Alirudi nyumbani kutoka hospitali akiwa mtu wa kuwekwa. Wanamweka kitini karibu na dirisha, anakaa; wanamweka kitandani, analala. Mkono wa kulia ulikuwa mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Neno halikutoka, si zuri si baya. Dada wa mazoezi ya kusema alikuja mara kwa mara na picha za kikombe na paka, akamwomba ataje. Mimi nilikuwa nikitazama picha zile nasikia hasira. Mtu aliyebishana nasi miaka yote hiyo juu ya mpiga dramu, leo anaulizwa paka. Dada yule hakuwa na kosa. Alituambia tumguse panapouma, kwamba wakati mwingine neno la kwanza hutoka kwa hasira.

Shemeji, mkewe, alitushika mimi na Mwalimu mlangoni siku ile ile. Alikuwa amekonda, na bakuli la uji aliokuwa akimlisha bado lilikuwa mkononi.

“Shemeji zangu, mimi nakaa naye kutwa, na sijui kama nakaa na mtu,” alisema. “Nyinyi mnajua kinachomuuma. Mchokozeni. Akikasirika akaanguka kitini, nitamnyanyua.”

Ijumaa tukaenda kumtukania bendi yake. Sina maneno mengine ya kuieleza kazi ile. Mwalimu alianza, akasema “Kutu” umeibwa kwa bendi nyingine. Mimi nikaongeza kwamba gitaa lenyewe halikuwa limekazwa nyuzi vizuri. Tukasema mpiga dramu alikuwa mlevi siku ya kurekodi, tukasema sauti ya mwimbaji ni ya mbuzi mwenye mafua. Tulikuwa tunapiga kelele sasa, watu wazima wawili, jasho linatutoka, tunamtazama usoni. Shemeji alimpangusa mate. Kelele alikuwa akitazama pazia.

Nikaona basi, liwalo na liwe. Nikasema kwa sauti kwamba wimbo bora wa Radi Kavu ni “Taa ya Ngazi”, na kwamba ninaupigia kura. Zamani ningefukuzwa. Mwalimu naye akaupigia kura, kisha akaucheza. Kwa mara ya kwanza katika historia yetu, wimbo ulikuwa umeshinda.

Piano ikaingia. Ulipofika katikati, vidole vya mkono wake wa kushoto vikaanza kugonga mkono wa kiti taratibu, sawasawa na mapigo. Wimbo ukaisha, midomo yake ikahangaika, ikahangaika, na neno likatoka.

“Rudia.”

Shemeji alipiga magoti akamkumbatia miguu, akalia kwa sauti. Mwalimu alinishika bega kwa nguvu mpaka likauma. Nilifurahi, Mungu ananiona, nilifurahi kama mwendawazimu. Halafu nikafanya ambacho nisingekifanya kama ningekuwa na akili. Nikataka kumpa zawadi, nikamwekea “Kutu”.

Gitaa lilipokwaruza, Kelele alikunja uso kama mtoto aliyepakwa dawa ya kidonda. Akageuza kichwa upande wa ukuta.

“Zima,” alisema. “Makelele.”

Nikazima. Nilingoja kidogo, kwa sababu alikuwa mtu wa utani huyu, angeweza kabisa kutufanyia hivyo. Nilimtazama machoni. Hayakuwa na utani. Yalikuwa na adabu, ya mgeni aliyesumbuliwa na majirani.

Shemeji hakuona kitu, na angeonaje, naye hakuwahi kuzipenda nyimbo zetu. Aliinua uso umelowa, anacheka, akatutazama sisi tuliomjua mumewe kuliko mtu yeyote. “Amerudi,” alisema, akangoja tuitikie.

Mwalimu aliinama akijifanya anatafuta kitu sakafuni. Ikabaki kwangu.

“Amerudi, shemeji,” nikasema.

Nikamwekea ule wa piano, kama alivyoomba. Vidole vikaanza tena kugonga, taratibu, ametulia, ameridhika. Nikavuta kiti nikakaa mbele yake kabisa, nikakaza macho kwenye mdomo wake, nikingoja anitukane.